Mtungi wa Frome: sarafu 52,503 za Kirumi na mpangilio uliotuambia mengi

Mwezi wa Aprili 2010, kwenye shamba moja karibu na mji wa Frome, Somerset, kusini-magharibi mwa Uingereza, mpishi wa hospitali aitwaye Dave Crisp alichimba shimo, akaona sarafu, akalifukia tena. Nimekisoma kisa hiki kwa miaka mingi na kila mara narudi kwenye kitendo hicho cha tatu. Kuchimba anaweza yeyote, na kuona sarafu ni bahati ya mtu. Lakini kurudishia udongo na kuondoka, ilhali unajua kuna mtungi umejaa sarafu za Kirumi chini ya miguu yako, ni jambo zito, na kama Crisp asingelifanya tusingejua hata nusu ya tunayoyajua leo kuhusu mtungi ule.

Crisp hakuwa mgeni wa mambo haya. Siku zake za mapumziko alikuwa akizunguka mashambani na kifaa cha kusaka metali, kile cha fimbo ndefu yenye sahani chini, ambacho hulia kinapopita juu ya kitu cha madini. Siku chache kabla, kwenye shamba hilohilo, alikuwa ameokota sarafu za fedha za karne ya 4 zilizotawanyika juu juu ya ardhi, zile ziitwazo silikwa. Alirudi kuzitafuta nyingine. Tarehe 11 kifaa kikalia mlio wa ajabu, usio wa kawaida. Akachimba. Kwenye kina cha sentimita 35 hivi akatoa bonge la udongo wa mfinyanzi, na ndani ya bonge hilo sarafu ndogo ya shaba. Akaendelea kidogo, akakutana na kigae, kisha duara la mdomo wa chombo. Hapo akaelewa kwamba hana sarafu moja moja za kuokota, ana mtungi.

Akasimamisha kazi. Akafukia, akawaarifu maofisa wa Portable Antiquities Scheme, mpango wa kitaifa ulioanza mwaka 1997 wa kurekodi vitu vya kale vinavyookotwa na raia huko Uingereza na Wales. Wao wakamwita mwanaakiolojia Alan Graham, na kabla mwezi haujaisha shimo lilikuwa limefunguliwa upya, safari hii kwa mwiko mdogo, brashi na daftari.

Nawaomba wasomaji wanaokusanya sarafu wakae kidogo na yaliyotokea ndani ya siku hizo tatu za uchimbaji, kwa sababu majibu yote yamo humo.

Mtungi wenyewe ulikuwa na kimo cha sentimita 60 na upana wa sentimita 45 hivi. Mdomoni ulikuwa umefunikwa kwa bakuli dogo lililotumika kama kifuniko, na kuuzunguka kulikuwa na mabaki ya mimea, kana kwamba aliyeuweka aliusindilia majani usije ukagonga udongo. Kuta zake zilikuwa nyembamba na tayari zilikuwa na nyufa. Ukijumlisha chombo na kilichomo, uzito ulifika kilo 160. Kwa kawaida mwanaakiolojia anapopata chombo kama hiki hupenda kukinyanyua kizima pamoja na udongo wake, akakifungue maabara, polepole, chini ya taa. Kwa mtungi wa kilo 160 wenye nyufa hilo halikuwezekana. Graham akaamua kuutoa mzigo palepale shambani, lakini hakuzichota sarafu kama mtu anayechota mchele kwenye gunia. Aliondoa sarafu tabaka kwa tabaka, kutoka juu kwenda chini, kila fungu likaingia kwenye mfuko wake wenye namba, na kila namba ikaandikwa imetoka kina gani.

Kazi hiyo inachosha. Sarafu zilikuwa zimelowa, zimeshikana kwa kutu ya kijani, na kila mmoja pale alijua kwamba kuna kitu cha thamani kimekaa wazi katikati ya shamba. Ingekuwa rahisi kabisa kuzijaza kwenye ndoo na kukimbilia gari. Ndoo zingefika jumba la makumbusho la British Museum, London, zikiwa na sarafu zilezile 52,503, hakuna hata moja iliyopotea, na sisi tungekuwa tumepoteza jambo lenyewe.

Huko London kazi ya kwanza ilikuwa kuziosha na kuzikausha zisiendelee kuliwa na kutu. Kisha wataalamu wa sarafu Sam Moorhead na Roger Bland wakaanza kuzipanga kwa watawala. Nyingi zilikuwa za aina ambayo mkusanyaji yeyote wa Kirumi anaifahamu: sarafu ndogo za shaba zenye kichwa cha mfalme aliyevaa taji la miale ya jua. Asili yake ni mwaka 215, Caracalla alipotoa sarafu mpya ya fedha iliyohesabiwa kuwa sawa na denari mbili, zile sarafu za fedha za kawaida za Roma, ingawa fedha yake haikutosha denari mbili. Huo ukawa mwanzo wa mteremko. Kila mfalme aliyefuata, akiwa na vita mipakani na askari wa kulipa, alipunguza fedha kidogo na kuongeza shaba, na kufikia miaka ya 270 sarafu hiyo ilikuwa na fedha isiyofika asilimia tatu, iliyobaki ni shaba iliyopakwa ngozi ya fedha juu. Ngozi hiyo hubanduka baada ya muda. Ndiyo maana leo nyingi tunazoziona ni za rangi ya kahawia au kijani.

Sarafu za Frome zinaanzia miaka ya 250 na kukoma karibu na miaka ya 290, yaani miongo minne hivi. Humo mna watawala wa Roma yenyewe na wale wa dola lililojitenga la Galia (eneo la Ufaransa ya leo), alilolianzisha Postumus mwaka 260 na kumalizika chini ya Tetricus mwaka 274. Na mna sarafu 766 za Carausius.

Carausius anastahili aya yake. Alikuwa kamanda wa meli za Kirumi kwenye mlango wa bahari kati ya Galia na Britania, kazi yake kuwakamata maharamia. Akashutumiwa kwamba huwaacha maharamia wapore kwanza, kisha huwakamata na kubaki na mali. Mfalme Maximian akaamuru auawe. Carausius hakusubiri, mwaka 286 akajitangaza mwenyewe kuwa mfalme, akaishika Britania na sehemu ya kaskazini ya Galia, akatawala hadi mwaka 293 alipouawa na Allectus, mtu wake mwenyewe wa fedha. Katika miaka hiyo michache alifanya jambo ambalo Roma ilikuwa imeshindwa kwa muda mrefu: alitoa denari za fedha nzuri. Alitoa hata sarafu yenye vichwa vitatu, chake pamoja na vya Maximian na mfalme mwenzake Diocletian, na maandishi yasemayo Carausius na ndugu zake, wakati hao ndugu wanatengeneza meli za kuja kumwondoa. Ndani ya mtungi wa Frome mlikuwa na denari zake tano za fedha. Tano tu, kati ya sarafu zaidi ya elfu hamsini na mbili. Nitazirudia baadaye.

Sasa tuje kwenye swali. Kwa nini mtu azike fedha nyingi hivi na asirudi kuzichukua?

Jibu la mazoea, lile lililoandikwa kwenye vitabu kwa vizazi, ni kwamba karne ya 3 ilikuwa wakati wa hatari. Wafalme wanauawa mfululizo, makabila yanavuka mipaka, maharamia wanapiga pwani. Mwenye mali anazika akiba yake, anakimbia, anauawa, akiba inabaki. Ni jibu lenye mantiki, na kwa hazina nyingine pengine ndilo jibu sahihi. Lakini kila jibu la namna hii hutokana na kutazama tarehe za sarafu na kulinganisha na tarehe za vita. Kwa mtungi wa Frome tulikuwa na ushahidi mwingine kabisa, ile mifuko yenye namba.

Fikiria kibubu. Wengi wetu tumekulia nyumba zenye kibubu cha udongo au kopo lililochongwa tundu, unatumbukiza shilingi leo, nyingine wiki ijayo, nyingine sikukuu. Siku ya kukivunja, ukiwa mwangalifu, utakuta za mwanzo ziko chini na za mwisho ziko juu. Kama mtungi wa Frome ulikuwa kibubu cha mtu aliyeweka akiba mwaka baada ya mwaka, sarafu za miaka ya 250 na 260 zingekuwa chini, za Galia katikati, na za Carausius, ambazo ndizo za mwisho, zingekuwa juu kabisa karibu na mdomo.

Haikuwa hivyo. Sehemu kubwa ya sarafu za Carausius ilikuwa imekaa chini, zaidi ya nusu ya kina cha mtungi. Juu yake kulikuwa na rundo zito la sarafu za zamani kuliko yeye. Maana yake ni moja: wakati sarafu hizo za zamani zinamiminwa, za Carausius zilikuwa tayari zimo ndani. Mtungi haukujazwa kwa miaka arobaini, ulijazwa baada ya Carausius kushika madaraka, na kwa dalili zote ulijazwa kwa mara moja.

Nimeulizwa kama sarafu hazikuweza kuhama zenyewe, kwa sababu mtungi ulikuwa na nyufa. Nimelitafakari hilo. Ufa unaweza kumwaga sarafu nje, unaweza kuzishusha kidogo, lakini hauwezi kuinua maelfu ya sarafu za zamani na kuziweka juu ya zile mpya. Mzigo wa aina ile, uliokandamizwa na uzito wake wenyewe, hautembei kwenda juu.

Na ule ukweli kwamba za Carausius zilikuwa zimekusanyika sehemu moja, badala ya kuchanganyika sawasawa na nyingine kama chumvi kwenye unga, nao una neno. Mtu anayemimina fungu moja kubwa lililochanganyika angetapanya aina zote kila mahali. Rundo la aina moja mahali pamoja linafanana zaidi na mafungu mbalimbali yaliyomiminwa kwa zamu: mfuko wa huyu, kisha kapu la yule, kisha chungu cha mwingine. Mmoja wa waliomimina alikuwa na fungu la fedha za karibuni kuliko wenzake, na zamu yake ilikuja mapema.

Halafu kuna mtungi wenyewe. Kuta nyembamba, kitako chembamba, mzigo wa kilo 160. Chombo hicho hakikuweza kubebwa kikiwa kimejaa. Kingepasuka mikononi mwa wabebaji kabla hakijafika shambani. Kwa hiyo kiliwekwa shimoni kikiwa kitupu, kikasindiliwa majani pembeni, kisha sarafu zikaletwa na kumiminwa humo. Na kama hukuweza kukibeba kilichojaa kwenda, huwezi kukibeba kilichojaa kurudi. Mwenye kutaka fedha zake angelazimika kuvunja mtungi ardhini au kuinama mdomoni na kuchota kwa mikono mpaka chini. Mtu anayeficha akiba kwa hofu ya adui, akitarajia kurudi usiku na kuondoka nayo upesi, angeziweka kwenye vyombo vidogo vitano au kumi anavyoweza kuvinyanyua.

Kutokana na hoja hizi mbili, mpangilio wa sarafu na udhaifu wa mtungi, Moorhead alipendekeza kwamba tunachokiona Frome si akiba bali ni tambiko: jamii ya wakulima iliyochangishana, kila kaya na chake, ikakabidhi fedha kwa miungu, pengine kwa ajili ya mavuno au hali ya hewa. Nilipolisoma pendekezo hilo mara ya kwanza halikunishangaza kama lilivyowashangaza baadhi ya waandishi wa Ulaya. Sisi tunatoka kwenye jamii ambazo watu huchangishana kwa ajili ya jambo la wote, na ambazo kitu kikishatolewa mahali pa tambiko hakiguswi. Kwamba watu wa Somerset ya karne ya 3 waliweza kutoa mali bila nia ya kuirudia ni jambo ninaloliona la kawaida ya binadamu.

Hata hivyo sitaki huruma yangu kwa wazo hili inifanye nilipime kwa kipimo chepesi. Yapo mambo mawili tofauti hapa na mara nyingi huchanganywa. La kwanza ni kwamba mtungi ulijazwa kwa mkupuo mmoja, au karibu na hivyo; hilo naona limethibitika. La pili ni kwamba ulikuwa tambiko. Hilo ni tafsiri, nzuri, lakini tafsiri. Tajiri mmoja mwenye mashamba angeweza kukusanya mafungu yake kutoka nyumba kadhaa na kuyamimina siku moja. Hesabu za awali zilionyesha kwamba fedha zile zilikuwa kama mshahara wa askari wa jeshi la Kirumi wa miaka minne hivi, kiasi kikubwa kwa mkulima lakini kisichomshinda mwenye mali mmoja.

Upo pia uwezekano wa tatu, na huu ndio ninaouona mpinzani wa kweli. Carausius alipoanza kutoa fedha nzuri, zile za shaba zilizopakwa fedha za kina Tetricus zilishuka hadhi. Huenda watu walijikuta na magunia ya sarafu ambazo hakuna anayezitaka, wakazitupa shimoni kama tunavyotupa noti zilizofutwa. Kama ni hivyo, hakuna tambiko wala akiba, kuna takataka tu.

Hapa ndipo zile denari tano zinaposimama kutoa ushahidi. Anayetupa fedha mbovu hatupi na nzuri pamoja. Denari ya Carausius ilikuwa fedha halisi, ya kupokelewa na yeyote, na mtu aliyekuwa anapanga fedha zake ili kutenga zisizofaa angeiona mara moja, ina rangi nyingine na mlio mwingine ukiigonga. Zipo tano, na zaidi ya hizo zipo zile nyingine za shaba za Carausius, ambazo wakati huo zilikuwa bado za mtawala aliye madarakani au aliyetoka karibuni. Najua tano katika elfu hamsini na mbili ni chache mno kujengea nyumba nzima. Lakini zinatosha kunifanya niitilie shaka nadharia ya takataka. Na mtungi uliosindiliwa kwa majani na kufunikwa bakuli haufanani na jalala.

Kwa hiyo nikiulizwa nasimama wapi, nasimama na tambiko, nikijua kwamba nimesimama kwenye uzito wa dalili na si kwenye uhakika.

Upande wa sheria niueleze kwa kifupi. Chini ya Treasure Act ya mwaka 1996, sarafu zenye umri wa zaidi ya miaka 300 zikipatikana pamoja huhesabiwa hazina zikiwa angalau mbili kama zina dhahabu au fedha ya kutosha, au angalau kumi kama ni za shaba, na aliyezipata ana siku 14 za kuripoti. Shauri la Frome lilisikilizwa Julai 2010 na ikatangazwa kuwa ni hazina. Kamati ya tathmini ikaipa thamani ya pauni 320,250, iliyogawanywa nusu kwa nusu kati ya Crisp na wenye shamba. Museum of Somerset ya mjini Taunton ikainunua kwa msaada wa National Heritage Memorial Fund, Art Fund na michango ya wananchi, na huko ndiko iliko.

Gawa thamani hiyo kwa idadi ya sarafu. Unapata kama pauni sita kwa moja. Hesabu hiyo ilinigusa kuliko habari ya mamilioni yoyote ya minadani, kwa sababu pauni sita ndiyo bei yangu. Mimi ni mkusanyaji wa sarafu ndogo, sina dhahabu ya Augusto wala sitakuwa nayo. Ninayo moja ya Tetricus niliyoinunua miaka mingi iliyopita kwenye meza ya muuzaji jijini London, kutoka kwenye sinia lililojaa nyingine kama hizo. Ni ndogo kuliko ukucha wa dole gumba langu. Taji la miale linaonekana vizuri, ndevu zake zimebaki kama mistari mitatu, na herufi za jina lake zinaanza vizuri halafu zinatoka nje ya ukingo kwa sababu aliyepiga nyundo hakuiweka katikati. Nyuma kuna mungu wa kike Pax ameshika tawi la mzeituni. Utando wake ni wa kijani kibichi kilichokolea, na kwenye shingo ya Tetricus kuna alama ya udongo mwekundu ambao sijawahi kuusafisha.

Udongo wa wapi? Muuzaji hakujua, au hakusema, na mimi siku hiyo sikuuliza. Inawezekana kabisa kwamba Tetricus wangu naye alikuwa kwenye mtungi, juu au chini ya wengine, na kwamba mtu alizichota kwa ndoo. Yupo mkononi mwangu mzima, ana kila kitu ambacho sarafu moja inaweza kuwa nacho, na hawezi kunijibu hata swali moja kati ya yale ambayo mtungi wa Frome uliyajibu. Nilipoanza kukusanya nilidhani thamani ya sarafu imo kwenye sarafu: ukali wa picha, usafi wa utando, uhaba wa aina. Frome ilinibadilisha. Tetricus aliyekuwa kwenye tabaka la juu la mtungi ule, hata awe amechakaa kiasi gani, anasema jambo ambalo wangu mzuri hawezi kulisema, kwa sababu tunajua nani alikuwa chini yake.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tuna mfano wetu wa jambo hilihili, na nashangaa haujulikani zaidi. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, ilipatikana hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, ndogo sana, nyembamba, zilizopigwa chapa huku huku pwani zikiwa na majina ya watawala wa hapa, pamoja na dinari chache za dhahabu kutoka nje. Sarafu za fedha hazikuandikwa mwaka. Dinari ndizo zilizowawezesha watafiti kuipa hazina nzima umri wake, karne ya 11, na hivyo kuonyesha kwamba pwani yetu ilikuwa na fedha yake wakati huo. Kama mtu angezitenga dhahabu akauze kwa sonara na fedha akauze kwa watalii, kila upande ungefika sokoni ukiwa mzima na historia ingekuwa imekatika katikati. Wale wanaonunua sarafu za Kilwa kwenye mtandao siku hizi, nawasihi waulize zimetoka wapi kabla ya kuuliza bei.

Najua wapo watafiti wasiopenda kabisa kusikia habari za wakusanyaji na vifaa vya kusaka metali, na wana sababu. Mashamba mengi yametobolewa usiku na watu wasioripoti chochote. Lakini kisa cha Frome kimeanzia kwa mpishi mwenye kifaa hichohicho. Pale mlio ulipokuwa wa ajabu na duara la mdomo lilipojitokeza kwenye udongo, alikuwa na sababu zote za kuendelea. Alikuwa peke yake. Jua lilikuwa bado lipo. Sarafu zilikuwa urefu wa mkono mmoja chini.

Wiki iliyopita nilitengeneza kadi mpya za sarafu zangu zote, kwa sababu za zamani wino ulikuwa umefifia. Kila kadi ina nafasi ya mtawala, mwaka, uzito, mahali ilipopigwa chapa, tarehe niliyonunua, na mahali ilipofukuliwa. Ya Tetricus niliijaza yote isipokuwa mstari wa mwisho. Nilikaa nayo muda, kisha nikaandika kwa kalamu: haikurekodiwa, ina udongo mwekundu shingoni, usisafishwe.